Jinsi ya kujaribu fimbo mpya za gofu Arusha na Moshi kabla hujatoa hela

Masika yakikatika tu na nyasi zikaanza kukatwa fupi, swali ni lile lile, kwenye simu, kwenye maegesho, hata nje ya kanisa: "Kaka, msimu huu ninunue fimbo gani?" Anayeuliza mara nyingi ameanza kucheza juzi, ana mfuko wa mtumba wenye fimbo tisa za kampuni nne, na jana usiku ameangalia video ya draiva mpya (fimbo ndefu ya kupigia mbali) mpaka saa saba. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Someni hapa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyeupenda asipoteze muda: kwa anayeanza, draiva ndiyo kitu cha mwisho kununua. Vinavyoshusha mikwaju haraka ni mishikio, weji (fimbo fupi za mikwaju ya karibu), fimbo ya kusukumia mpira shimoni na mpira wenyewe. Na kwa kuwa huku kwetu mashine ya kupima mpigo si kitu unachokikuta kila mtaa, itabidi ujipime mwenyewe. Inawezekana, na haihitaji zaidi ya asubuhi mbili.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Mipira 10 ya aina moja, yako mwenyewe. Ile ya kukodi ya uwanja wa mazoezi imechoka na kila mmoja una tabia yake.
- Kalamu ya ubao mweupe, ile inayofutika.
- Daftari na futi kamba.
- Fimbo za kujaribu. Azima. Wachezaji wa hapa ni wakarimu kuliko unavyodhani, na mtu aliyenunua kitu kipya hufurahi kuona kinasifiwa.
- Kedi (mbeba mifuko) mwenye jicho, umlipe kama siku ya kazi. Usimwite "akusaidie kidogo" halafu umpe soda.
- Ruhusa ya ofisi ya klabu. Arusha Gymkhana na Moshi Club ni viwanja vya mashimo 9, na kwenye mashimo 9 mtu anayepiga mipira kumi kumi anaziba njia ya wenzake haraka sana. Uliza saa zenye nafasi. Kiligolf, kule Usa River, ina mashimo 18.

Hatua ya 1: Hesabu ulicho nacho

Mwaga mfuko sebuleni. Sheria inaruhusu fimbo zisizozidi 14. Ukikutwa na ya 15 kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju, unaongezewa mikwaju miwili kwa kila shimo ulilocheza nayo, ila adhabu haivuki minne kwa raundi. Anayeanza hahitaji 14. Nane au tisa zinatosha, mradi zimepangana.

Kupangana maana yake ni hivi. Kila fimbo ina pembe ya uso, nyuzi zinazoamua mpira upande juu kiasi gani. Andika pembe ya kila moja. Kama haijachapwa kwenye kichwa, tafuta jina la toleo mtandaoni. Ukiona pengo la nyuzi zaidi ya sita kati ya fimbo mbili fupi zinazofuatana, hapo ndipo hela yako iende. Pengo ninalolikuta mara nyingi: weji ya kwanza ina nyuzi 43 au 44, inayofuata ni ya mchangani yenye 56. Katikati hakuna kitu, na ni katikati hapo mkwaju wako wa tatu huangukia karibu kila shimo.

Angalizo: usilinganishe namba za fimbo, linganisha nyuzi. Ayoni (fimbo ya kichwa chembamba cha chuma) namba 7 ya zamani ilikuwa na nyuzi 34 au 35. Nyingi za kisasa zina 28 hadi 30. Jamaa yako akitamba kwamba namba 7 yake mpya inapita ya kwako kwa mita kumi na tano, mwambie amenunua namba 6 iliyoandikwa 7. Atanuna, lakini ndivyo ilivyo.

Hatua ya 2: Pima umbali wako wa kweli

Piga mipira 10 kwa ayoni namba 7 uliyonayo sasa. Tupa miwili bora na miwili mibovu, pima sita iliyobaki kwa hatua za mita moja, tafuta wastani. Andika. Rudia kwa weji. Hiki ndicho kipimo utakacholinganishia kila fimbo mpya, na bila hicho unalinganisha ndoto na ndoto.

Kumbuka tuko juu. Arusha ni takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini mita 800 na kitu. Hewa nyepesi inauachia mpira uende: kwa makadirio yanayotumika sana, Arusha unapata karibu asilimia tano zaidi ya Dar es Salaam, Moshi asilimia tatu hivi. Mpira wa mita 150 hapa ni wa 143 Dar. Kwa hiyo ukiazima fimbo ya mtu wa Dar na umbali aliokutajia, usishangae ukipita grini, pale kwenye nyasi fupi kabisa zenye shimo. Na Juni hadi Agosti, asubuhi ya ukungu na baridi, mpira huo huo unapungua. Pima saa mbili za asubuhi zote mbili, au saa tisa alasiri zote mbili, usichanganye.

Hatua ya 3: Badilisha mishikio kabla hujabadilisha fimbo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanaporuka.

Fimbo ya mtumba imekaa miaka kwenye buti la gari la mtu. Raba ya mshikio imekauka, inang'aa kama sahani. Mkono unateleza, kwa hiyo unabana zaidi, mabega yanakakamaa, na mpira unakwenda kulia. Mtu huyo huyo anakwambia fimbo zake ni mbovu. Mzee mmoja aliyebeba mifuko Moshi tangu ujana wake aliwahi kunishika kifundo cha mkono akaniambia, "Mwanangu, fimbo haina kosa, unaikaba kama mwizi wa kuku." Nilibadilisha mishikio tu. Nilisubiri miezi minne ndipo nikaanza kufikiria fimbo mpya.

Kwanza ukubwa. Shika fimbo kwa mkono wa juu. Ncha za vidole viwili vya kati ziguse kiganja kwa shida. Zikizama, mshikio ni mwembamba. Zisipofika kabisa, ni mnene.

Kisha kazi yenyewe:

a) Kata mshikio wa zamani kwa kisu chenye ncha ya ndoano, ukielekeza kisu mbali na mwili. Kama shafti (mti wa fimbo) ni ya grafaiti, usikandamize, ukiichana umeiua.

b) Bandua gundi yote ya zamani. Yote.

c) Zungushia utepe wenye gundi pande mbili, uache kipande kidogo kichwani ukikunje ndani ya bomba.

d) Ziba tundu la mshikio mpya kwa tii (kijiti cha kuwekea mpira), mimina waiti spiriti ya duka la rangi ndani, tikisa, kisha umwagie ile spiriti juu ya utepe.

e) Sukuma mshikio mpaka mwisho kwa mwendo mmoja, bila kusita. Nyoosha alama zake ndani ya sekunde chache. Acha usiku kucha.

Ukikosa spiriti kuna njia ya fundi pancha: zungushia utepe wa karatasi tabaka moja, ingiza mdomo wa mshikio kwenye shafti, yeye apulize upepo wa kompresa kupitia tundu la juu, raba inatanuka na kuteleza yenyewe. Vaa miwani, na mwambie apulize kidogo kidogo. Mshikio uliopulizwa kwa pupa hupasuka au kuruka.

Angalizo: usitumie petroli. Nimeona ikitumika, nimeona pia mtu akiwasha sigara jirani. Mbali na moto, inadhuru raba yenyewe.

Hatua ya 4: Jaribu weji

Mtu ataangalia nyuzi za pembe na kusahau baunsi, ule uvimbe wa tumbo la fimbo unaoizuia isizame ardhini. Nayo hupimwa kwa nyuzi na mara nyingi huchapwa pembeni ya kichwa: 56.12 maana yake pembe 56, baunsi 12.

Kanuni ya kuanzia: ardhi laini na mchanga mwingi, baunsi 10 hadi 14. Ardhi ngumu, 6 hadi 8. Shida ni kwamba uwanja wetu mmoja unakuwa viwanja viwili. Aprili unakanyaga maji. Februari ardhi inalia kama bati. Ukiwa na uwezo wa weji mbili, chukua ya mchangani yenye baunsi kubwa na ile ya kuziba pengo, nyuzi 50 hivi, yenye baunsi ndogo au ya wastani. Ukiwa na uwezo wa moja, chukua kubwa. Anayeanza hukita chini kuliko kuteleza.

Jaribio: mipira 10 kwenye nyasi fupi kutoka hatua 30, mipira 10 kwenye mchanga, mipira 5 kwenye nyasi ndefu. Hiyo mitano ya mwisho ndiyo mtihani. Nyasi za kikuyu asili yake ni nyanda hizi hizi za Afrika Mashariki, na zinaposhika shingo ya fimbo zinaifunga uso kabla hujagusa mpira. Weji nyepesi sana itakugeukia mkononi. Unahitaji yenye uzito kichwani.

Hatua ya 5: Jaribu fimbo ya kusukumia

Karibu mikwaju minne kati ya kumi ya raundi yako hupigwa kwa fimbo hii, na ndiyo watu wanayoinunua kwa kuangalia rangi.

Gumzo la siku hizi ni fimbo zisizojipinda, ambazo mhimili wa shafti umepangwa na uzito wa kichwa ili uso usijigeuze kufunguka au kufunga wakati unapiga. Kampuni ya L.A.B. Golf ndiyo iliyozivumisha. Juni 2025, J.J. Spaun alitwaa US Open, moja ya mashindano makubwa ya gofu duniani, pale Oakmont kwa fimbo yao ya DF3, na mkwaju wake wa mwisho ulitembea takribani mita 20 ukaingia. Sasa kampuni nyingi zina za kwao. Je, zinafaa? Kwa mtu ambaye makosa yake ni ya kukwepa kulia na kushoto kutoka karibu, ndiyo, zinastahili kujaribiwa. Kwa mtu anayekosea nguvu, hazitamsaidia, na bei yake si ya mchezo.

Jaribu hivi:

a) Simama kama unataka kupiga, dondosha mpira kutoka katikati ya macho. Ukiangukia nje ya mpira ulioko chini, fimbo huenda ni fupi au umeinama mno. Ukiangukia karibu na miguu, huenda ni ndefu. Nyingi za watu wazima ni inchi 33 hadi 35.

b) Piga mipira 20 kutoka hatua mbili, mahali tambarare. Hesabu inayoingia na iandike ukionyesha iliyokosa ilikosa upande gani.

c) Piga 10 kutoka hatua kumi. Usihesabu inayoingia, hesabu inayobaki ndani ya urefu wa fimbo moja kutoka shimoni.

d) Fanya (b) na (c) kwa fimbo yako ya zamani, siku hiyo hiyo, grini hiyo hiyo. Mpya isipoishinda kwa mipira mitatu au zaidi, rudisha kwa mwenyewe, sema asante.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo draiva, kama bado unang'ang'ania

Kichwa cha draiva hakiruhusiwi kuzidi sentimita za ujazo 460, na nyingi zimefika hapo zamani. Kwa hiyo kampuni haziongezi ukubwa, zinahamisha uzito. Mwaka 2024 Ping G430 Max 10K na TaylorMade Qi10 Max zilikuja na vichwa vilivyosukumiwa uzito nyuma na pembeni ili visijipinde ukipiga kwa ncha au kisigino (upande wa karibu na shafti). Hiyo ndiyo familia ya kutafuta, hata toleo lililopita. Bei ya mtumba hushuka toleo jipya linapotoka, na mpira wako hausomi mwaka wa kutengenezwa.

Chagua pembe ya nyuzi 10.5 hadi 12. Usichukue 9 kwa sababu bingwa fulani anatumia 9. Kuhusu ulaini wa shafti, kama draiva yako haifiki mita 200 hapa Arusha, anza na yenye alama ya R (ya kawaida), na usione aibu kujaribu A (laini zaidi).

Jaribio: chora doa la kalamu ya ubao mweupe nyuma ya mpira, doa liangalie uso wa fimbo, piga. Doa litahamia usoni na kukuonyesha umegonga wapi. Futa, rudia mara 10. Draiva nzuri kwako ni ile ambayo madoa yamekusanyika, hata kama iliyopiga mbali kuliko zote ni nyingine. Mkwaju mmoja wa ajabu haununui fimbo.

Mimi niliwahi kununua bila kupima hivi. Tulikutana na muuzaji nje ya mgahawa, nikazungusha fimbo mara mbili hewani, nikatuma hela kwa simu palepale. Nyumbani nikagundua shafti ni X, ngumu kama nondo, na kuna ufa mdogo chini ya stika. Namba ya simu haikupatikana tena.

Hatua ya 7: Mpira

Sheria inasema usizidi gramu 45.93 na kipenyo kisipungue milimita 42.67. Ndani ya hapo kuna mambo mawili ya kujali: gamba la urethane hushika grini na kusimama, gamba gumu la ayonoma huteleza zaidi lakini ni nafuu na haliliwi haraka na weji. Unapoteza mipira mitano kwa raundi? Chukua wa bei nafuu, ila uwe wa aina moja kila siku. Ukianza kupoteza mmoja au hakuna, jaribu wa urethane kutoka hatua 30 ukiangalia unasimama wapi. Mipira ya bwawani inayouzwa na vijana ni sawa kwa mazoezi; iliyolala majini muda mrefu hupoteza nguvu.

Viatu, glovu, mwavuli: nunua vinavyokutosha. Viatu viwe na meno ya plastiki, si ya chuma.

Hatua ya 8: Cheza nayo, ndipo ulipe

Omba raundi moja kamili ya mashimo 9. Uwanja wa mazoezi ni tambarare na hauna mtu wa kukucheka. Muuzaji anayekataa kabisa hata baada ya kumwachia kitambulisho na malipo ya awali, muage.

Kabla ya hela kutoka, kagua:

- Namba ya utambulisho wa fimbo, kwenye shingo. Bandia nyingi hazina.
- Rangi na maandishi. Herufi nene, rangi iliyovuja nje ya mstari, pete ya plastiki isiyokaa sawa kwenye shingo: acha.
- Tikisa kichwa sikioni. Kinachogonga ndani ni gundi iliyoachia au kipande kilichovunjika.
- Pitisha ukucha kwenye shafti ya grafaiti kutoka juu hadi chini. Ukucha ukikwama, kuna ufa.
- Kwa draiva ya mashindano, hakikisha toleo limo kwenye orodha ya R&A (wasimamizi wa sheria za gofu) ya vichwa vinavyoruhusiwa.

Ukiagiza Nairobi ikapita Namanga, dai risiti. Atakayeinunua kwako baadaye ataitaka pia.

Mambo yakienda kombo

*Mpira unakata kulia hata kwa fimbo mpya.* Angalia doa la kalamu kwanza. Likiwa kisigino, umesimama karibu mno. Likiwa katikati, shida ni mkono wako na mwalimu ni nafuu kuliko fimbo.

*Wiki ya kwanza ilipiga mbali, sasa imerudi kama ya zamani.* Ndivyo inavyokuwa. Wiki ya kwanza ulikuwa makini. Rudi kwenye daftari la hatua ya 2 upime tena kwa mipira 10.

*Mshikio mpya unazunguka mkononi.* Gundi ya zamani ilibaki, au spiriti haijakauka. Subiri siku moja. Ukizunguka tena, kata uanze upya.

*Weji inachimba mashimo ya viazi.* Baunsi ndogo kwenye ardhi laini. Fungua uso kidogo, baunsi itaongezeka. Isipotosha, badilishana na mtu.

*Mke wangu nimempa seti yangu ya zamani, haifurahii.* Mama wa watu amebebeshwa shafti za chuma ngumu zilizokuzidi hata wewe. Mtafutie ayoni za grafaiti zenye alama ya L (laini kuliko zote) au A, tano tu, na haibridi moja (fimbo ya mbali iliyo rahisi kuliko ayoni ndefu).

*Naweza kumkatia mtoto fimbo ya mtu mzima?* Ukiikata, shafti inazidi kuwa ngumu na kichwa kinabaki kizito kwake. Bora fimbo tatu za watoto: ayoni moja, weji, na ya kusukumia.

*Natumia mkono wa kushoto na hakuna wa kuniazima.* Hili ni gumu kweli. Waulize makedi kabla ya wanachama. Wao wanajua nani wa shoto anacheza siku gani, Gymkhana, Moshi Club na hata kule kwenye kiwanda cha sukari cha TPC. Ukimpata, mwombe umfuate raundi nzima na mpira wako mmoja, na vinywaji vya mwisho uvilipe wewe.